Kushuka Ngazi kama Kaa: uchambuzi wa kisa kimoja cha mafunzo ya dansi mashariki mwa Uganda

Usuli

Mafunzo haya yalifanyika katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda, kando ya barabara kuu iendayo Malaba. Yalichukua wiki nne, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Agosti ilipokaribia kwisha, siku sita kwa wiki. Mimi nilikuwa mratibu. Majina nimeyaondoa, pamoja na jina la mfadhili na mwaka wenyewe. Jambo moja tu kuhusu mwaka huo siwezi kulificha bila kuharibu kisa: ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara ya Bagisu, ambayo hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili.

Washiriki walikuwa 24, wachezaji na watunzi wa dansi, wengi wao wakifanya yote mawili. Raia wa Uganda walikuwa 13, Wakongo waliokimbilia Uganda saba, Wakenya wawili na Watanzania wawili kutoka Bukoba. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Kikatiba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, ingawa mtu anaweza kukaa Kampala mwezi mzima asikihitaji. Ukumbini mwetu kilihitajika tangu chai ya asubuhi. Vijana wa Arua na Bombo walikuja nacho kutoka nyumbani, Wakongo walikuja na chao cha Bukavu, Watanzania wakajipa kazi ya kusahihisha kila mtu, na Mzee aliyefundisha ngoma ya runyege alikuwa na Kiswahili cha jeshini, cha amri fupi fupi.

Muundo wa mafunzo ulitoka nje. Huko Marekani na Ulaya mafunzo ya dansi ya kiangazi ni desturi ya zamani: American Dance Festival mizizi yake ni ya 1934 katika chuo cha Bennington, na tangu 1978 makao yake yako Durham, North Carolina, na tamasha la dansi la ImPulsTanz la Vienna lilianza 1984. Kiangazi kilichaguliwa kwa sababu za kawaida tu. Vyuo vimefungwa, kumbi zenye sakafu nzuri ziko wazi, walimu hawana vipindi. Shirika mshirika lilitutumia ratiba ya namna hiyo nasi tukaipokea ilivyo, wakati huku kwetu Julai muhula wa pili unaendelea. Mjini palikuwa na ukumbi mmoja tu wenye sakafu ya mbao, wa shule ya bweni, na wanafunzi walikuwa wakilia chakula humo. Tukachukua ukumbi wa jumuiya, sakafu ya saruji.

Ratiba ilikuwa ya saa sita kwa siku. Saa tatu hadi saa sita mchana, dansi ya kisasa na mwalimu mgeni kutoka Ulaya. Saa nane hadi saa kumi na moja, ngoma za asili na utunzi. Washiriki wengi, kwa walivyojaza fomu zao wenyewe, walizoea mazoezi ya saa mbili jioni, mara tatu kwa wiki. Yaani tuliwatoa saa 6 kwa wiki tukawapeleka 36, siku ya kwanza. Fomu hizo zilikuwa kwenye faili langu wakati naandika ratiba ukutani.

Zulia

Mwalimu mgeni alitanguliza mizigo: roli nne za zulia la plastiki, lile jeusi linalotandikwa majukwaani. Tulilitandaza, tukabana maungio kwa gundi ya utepe, na ukumbi ukapendeza kwenye picha. Sote tukaona suala la sakafu limekwisha.

Kazi ya zulia lile ni kuushika mguu usiteleze. Halinyonyi kishindo. Huko linakotoka hulazwa juu ya mbao zilizoinuliwa kwenye mihimili au vipande vya mpira, na mbao hizo ndizo zinazobonyea mchezaji anapotua. Mwalimu mwenyewe, mtu mwema na makini, hakuwahi kuulizwa maishani mwake kuna nini chini ya zulia. Mara zote mbao zilikuwepo. Kwetu chini yake kulikuwa na saruji iliyomwagwa juu ya mawe.

Neno posho

Tangazo la kuita washiriki niliandika mimi. Lilisema: "Washiriki watapewa malazi na posho kila siku." Msomaji wa Dodoma ameshaelewa kwamba kuna fedha. Uganda posho ni ugali. Wale 13 walielewa kwamba watalala na watakula, basi.

Siku ya pili mezani, ugali na maharage vimeshapakuliwa, kijana wa Bukoba akaniuliza kwa adabu, "Dada, samahani, posho inatoka lini?" Kabla sijafungua mdomo, kijana wa Soroti akamsogezea sahani: "Si hii hapa?"

Tulicheka mpaka machozi. Usiku hakuna aliyecheka, maana kila mtu alishajua kwamba tangazo linaweza kusomwa kuwa fedha, na wote 24 wakataka lisomwe hivyo. Sikuwalaumu. Wapo walioacha vibarua vya harusi na boda ili waje. Tulikaa na mhasibu, tukakwangua fungu la usafiri, tukapata shilingi 10,000 za Uganda kwa kila mtu kwa siku. Mhasibu akaweka sharti, nami nikaliona la haki: mfadhili atataka saini za kila siku, kwa hiyo kuwe na daftari lenye safu iliyoandikwa AMESHIRIKI, litiwe saini saa kumi na moja jioni baada ya kipindi cha mwisho. Aliyekaa pembeni hasaini.

Siku ile tuliuita utaratibu mzuri.

Siku nane za kwanza

Asubuhi mwalimu mgeni aliwafundisha kuanguka, kujiviringisha na kuruka. Mchana Mzee aliwafundisha runyege, ngoma ya Banyoro na Batooro ambayo wanaume huifungia miguuni njuga za vibuyu vyenye mbegu ndani, mshipi juu ya mshipi, kutoka kifundo hadi karibu na goti. Mlio wa njuga ni sehemu ya muziki. Ili ulie sawasawa ni lazima ukanyage, na ukanyage kweli, kisigino na wayo kwa zamu ya haraka. Fikiria uzito ule miguuni, kanyaga zile, saruji ile, kwa mtu aliyeshinda asubuhi akiruka.

Kelele zilikuwa tamu ajabu. Ukumbi wa saruji unarudisha sauti, na njuga 13 zilisikika kama 30. Nadhani hilo nalo lilitudanganya. Kilichokuwa kinapendeza masikioni ndicho kilichokuwa kinarudi mifupani.

Hakuna aliyelalamika, na daftari lilijaa saini 24 kila jioni. Ripoti yangu ya wiki ya kwanza kwa mfadhili ilisifu "mahudhurio kamili".

Ngazi za jikoni

Jikoni kulishukwa kwa ngazi tatu. Siku ya tisa, wakati wa chai, mama mpishi aliniita kando huku akifuta mikono kwenye leso. "Mwalimu, mbona hawa watoto wako wanashuka kama kaa?"

Nikasimama na kikombe changu pembeni mwa mlango, kama mtu anayengoja sukari. Wa kwanza alishuka ubavu, mkono ukutani, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata kwenye ngazi ileile. Wa pili vilevile. Binti mmoja aligeuka akashuka kinyumenyume akijifanya anaongea na mwenzake aliye juu. Nilihesabu 11.

Mchana tulimleta mtaalamu wa tiba ya viungo. Alifanya jambo dogo ambalo tangu siku ile nimelijifunza na hulifanya mwenyewe: alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa muundi, akibonyeza taratibu kutoka chini kwenda juu, akiangalia uso na si mguu. Kwa kumi kati yao maumivu yalienea kwa urefu wa kiganja hivi. Hiyo, alisema, ni nyama na utando wa mfupa vimevimba kwa kazi nyingi ya ghafla. Wapunguziwe mzigo, watapona. Kwa wa kumi na moja, binti wa Kikongo nitakayemwita N., maumivu yalikuwa mahali pamoja, padogo kama shilingi. Alipobonyezwa hapo alivuta pumzi akaishikilia.

"Usiku panauma?" mtaalamu akauliza.

"Hapana, yaya. Usiku iko sawa."

Mwenzake wa chumbani, binti wa Arua, alikuwa amesimama nyuma yake. Akatazama dari.

Maamuzi

La kwanza tulilifanya jioni ileile, nalo lilihusu daftari. Nilimwambia mhasibu tubadilishe safu: badala ya AMESHIRIKI iandikwe YUPO, na saini ichukuliwe asubuhi. Alipinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: watu watasaini, watakaa kivulini, na ripoti itasema tulilipa wachezaji ambao hawakucheza. Tukakubaliana kwamba anayekaa anapewa kazi. Atahesabu mapigo, atachora njia za wachezaji sakafuni, ataandika marekebisho ya mwalimu na kuyasoma mwisho wa kipindi.

Kesho yake asubuhi watu tisa walikaa. Wawili kati yao sikuwahesabu pale kwenye ngazi.

La pili lilikuwa sakafu. Tulizingatia kujenga jukwaa la mbao juu ya vipande vya matairi, fundi akataka siku sita na fedha tusizokuwa nazo. Tulienda shuleni kuomba ukumbi, tukajibiwa kwa heshima kwamba wanafunzi hawawezi kula juani. Mzee, aliyekuwa amekaa kimya kwenye mazungumzo yote haya, akasema, "Nje."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, na ukingoni nyasi. Tukaufagia, tukaokota mawe, tukamwagia maji kidogo vumbi litulie. Siku ya kumi na moja runyege ilihamia pale. Na hapo ndipo nilipoona Mzee anavyofundisha hasa. Ukumbini alikuwa akipaza sauti, "Kisigino! Kisigino!" na hakuna aliyejua anasemeshwa nani. Uwanjani aliwasimamisha, akawaondoa mahali walipokuwa, akainama na fimbo juu ya nyayo zao. Huyu anabonyeza vidole, shimo liko mbele. Huyu anaburuta, ona mkia. Huyu mguu wa kushoto hauandiki kitu, basi anauficha, kwa nini? Aliyeuficha mguu wa kushoto alikuwa mmoja wa wale kumi.

La tatu, saa sita zikawa nne. Kuruka kulifutwa kabisa kwa wiki moja. Mwalimu mgeni alinuna siku nzima, halafu akaja na kazi ya utunzi ya kufanywa kwa mikono na mgongo tu, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka. Kwa maoni yangu lilikuwa somo lake bora katika wiki zote nne.

La nne lilikuwa baya, na lilikuwa langu. N. alipigwa picha ya eksirei kesho yake. Picha ilitoka safi. Mtaalamu alitueleza wazi kwamba ufa wa mfupa unaotokana na kazi mara nyingi hauonekani kwenye eksirei siku za mwanzo. Turudi baada ya wiki tatu, na kwa muda huo asiruke wala asikanyage. Wiki tatu zingeangukia baada ya onyesho la kufunga. N. ndiye aliyekuwa na sehemu ya peke yake mwishoni mwa onyesho. Nilimweka nje kwa siku kumi, na wiki ya mwisho nikamwita nikamuuliza, "Unajisikiaje, utaweza?" Akasema ataweza. Angesema nini? Waliokuwa wanakuja kutazama ni watu wanaochagua wachezaji wa kuwapeleka safari.

Wapiga ngoma wanaondoka

Katikati ya haya tulipoteza ngoma. Wapiga ngoma wetu watatu walikuwa wenyeji wa upande wa Mbale. Imbalu hufunguliwa rasmi Agosti, uwanja wa Mutoto, na baada ya hapo vijana wanaotahiriwa huzunguka vijijini wakichezeshwa kadodi, ngoma ya tohara hiyo. Mpiga ngoma mzuri msimu huo ana kazi kila siku, tena kazi ya ukoo. Waliniaga jioni moja. "Dada, huu ni mwaka wetu." Nilijua ni mwaka wa imbalu. Sikuwa nimeweka kalenda mbili hizo kando kando.

Tulijaribu spika, umeme ukakatika mara mbili. Tukabaki na sauti za midomo. Na hapa kulitokea jambo ambalo watunzi wa dansi wanaofundisha kwa Kiswahili watalipenda. Tulikuwa tunafundisha bakisimba, ngoma ya Baganda, ambayo mzunguko wake ni wa mapigo 12 madogo: manne makubwa, kila kubwa limegawanyika matatu. Ngoma zilipokuwepo hakuna aliyehitaji kuhesabu. Zilipoondoka tukahesabu moja, mbili, tatu, nne, na miguu ya watu ikanyooka, nyonga zikaanza kwenda kama za askari. Siku mbili hatukuelewa. Mwishowe mshiriki mmoja wa Busoga, aliyekuwa amekaa pembeni na muundi wake, akasema tatizo ni maneno. Mo-ja, mbi-li, ta-tu: kila namba ina silabi mbili, inakata pigo nusu kwa nusu, na bakisimba inataka mara tatu. Akapiga makofi akaimba, "Ma-to-ke, ma-to-ke, ma-to-ke, ma-to-ke." Nyonga zikarudi palepale.

Mwalimu mgeni mpaka anaondoka alikuwa akihesabu matoke.

Matokeo

Onyesho lilifanyika uwanjani, saa kumi jioni, watazamaji wakiwa kwenye mabenchi na ukutani. Walicheza 20, N. akiwemo. Wanne hawakucheza, waliongoza mazoezi na kuimba. Kati ya wale kumi wenye maumivu yaliyoenea, wanane walimaliza mafunzo bila maumivu, wawili walikwenda nyumbani na agizo la kupumzika. Udongo nao ulidai chake: kijana mmoja alikanyaga jiwe tulilolisahau akateguka kifundo, na asubuhi moja siafu walitufukuza hadi barabarani.

N. alicheza vizuri. Alipomaliza alikwenda nyuma ya ukumbi akakaa chini kabla makofi hayajaisha. Picha ya pili, wiki iliyofuata, ilionyesha ufa. Magongo wiki sita, na safari aliyochaguliwa ikaenda kwa mwingine.

Uchambuzi

Nikiulizwa nini kilichowaumiza, nitajibu saruji na ratiba, na kati ya hizo mbili ratiba ilitangulia. Kutoka saa 6 hadi 36 kwa wiki kungewaumiza baadhi yao hata juu ya mbao nzuri. Lakini maumivu yale yangeonekana siku ya nne au ya tano, wakati ambapo siku mbili za kupumzika zingetosha. Yalionekana siku ya tisa, tena kwa jicho la mpishi, kwa sababu tulikuwa tumeweka bei ya kuyasema. Shilingi 10,000 kwa siku. Daftari nililolisifu kwenye ripoti ndilo lililokuwa limeufunga mlango. Mahudhurio ya asilimia mia kwa vijana wanaofanya kazi ya mwili saa sita kwa siku ni ishara ya hatari, nami niliyasoma kama sifa.

Wapo wenzangu waliosikia kisa hiki wakasema posho ya fedha ndiyo iliyoharibu, wasanii walipwe chakula na elimu. Sikubaliani nao hata kidogo. Yule aliyeacha kibarua anahitaji hiyo fedha. Kosa lilikuwa kulipia kucheza badala ya kulipia kuwepo, na kulirekebisha kulichukua dakika ishirini na kalamu.

Kuhusu udongo, nisieleweke kwamba naimba sifa za asili. École des Sables, shule ya dansi kule Toubab Dialaw, Senegal, wana ukumbi wenye sakafu ya mchanga, na wanaujenga mwili wa mchezaji kwa ajili yake. Mtu asiyezoea mchanga laini huumia nyuma ya mguu badala ya mbele. Uwanja wetu ulisaidia kwa sababu ulikuwa mgumu kiasi na laini kiasi, na kwa sababu runyege ilitungwa kwa ardhi ya namna hiyo. Dansi ya mwalimu mgeni, yenye kuteleza na kujiviringisha, haikuwezekana pale kabisa. Tulipoteza nusu ya alichokuja kufundisha. Ningeikubali hasara hiyo tena, lakini ni hasara.

Kuwapa waliokaa kazi ya kutazama ndiyo sehemu iliyofanikiwa kuliko nilivyotarajia. Watunzi wa dansi hujifunza kwa macho, na mtu anayecheza saa sita hana macho ya kutazama. Yule wa matoke hakuwa mchezaji wa kutajwa. Kwa siku sita alizokaa alikuwa ameona mambo ambayo mimi na walimu wawili hatukuyaona.

N. ni habari nyingine. Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwamba nilimuuliza akakubali. Uamuzi ule haukuwa wake wala wangu, ulikuwa wa mtaalamu, na mtaalamu alishausema: asiruke, asikanyage, wiki tatu. Picha safi niliichukua kama ruhusa kwa sababu nilitaka ruhusa. Onyesho bila mwisho wake lilikuwa linanikosesha usingizi. Na binti yule alikuwa amenionyesha tangu siku ile ya mtaalamu, mbele ya mwenzake aliyetazama dari, kwamba akiulizwa na mwenye madaraka atasema iko sawa.

Gharama za picha, magongo na boda za kwenda hospitali hazikuwa na fungu. Bajeti ilikuwa na fungu la mavazi, fungu la mpiga picha, hata fungu la maua ya wageni. Tulichanga, mama mpishi akatoa zaidi ya wengine. Mwaka uliofuata N. alirudi, mguu umepona, akiwa msaidizi wa utunzi, na alipofika alivua kiatu akapiga kisigino sakafuni mara mbili kabla hajatua begi. Kwenye vitabu vya hesabu fedha zile zimeandikwa "dharura". Mhasibu bado ananiuliza dharura ipi.